Mjukuu Niliyemtunga

Kijiji cha Neutgol,
Wilaya ya Uiseong,
Korea Kusini.

9 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Malsun,

Habari za huko Buenos Aires? Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Pil-gyu na watoto. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za duka zinakutesa. Tafadhali usizipande ukiwa na marobota ya vitambaa mikononi. Mwachie mwanao Marcelo, ana mabega ya kazi hiyo. Huko kwenu sasa baridi inaisha, sivyo? Miaka yote hii bado inanishangaza kwamba sisi tukitoa masweta kabatini ninyi ndipo mnapoyarudisha.

Sisi hapa tu wazima. Baba Hyo-jeong anakohoa asubuhi, lakini ni kikohozi chake kile kile cha siku zote. Joto la mwaka huu lilikataa kuondoka, hata Chuseok, sikukuu ya mavuno, tuliila feni ikituzungukia. Sasa kumepoa, na tuko shambani tunapanda vitunguu saumu. Mgongo wangu unalia, lakini kazi inakwenda.

Utashangaa kupata barua wakati kila juma tunaonana kwenye simu. Kwenye simu nikiuona uso wako nitalia, na nikilia nitasema nusu. Tena unajua mwandiko wangu, nimejifunza herufi ukubwani pale kwenye ukumbi wa kijiji na akina bibi wenzangu, kwa hiyo uvumilie nikikosea.

Kifurushi chako kimefika salama. Nimefungua nguo moja moja nikazitandika sakafuni. Lile gauni la madoa ya njano, soksi zisizozidi kidole gumba changu, na kile kisweta cheupe chenye vifungo vya mbao. Naijua mishono yako, Malsun, hiyo hukumwachia fundi. Umeshona kwa mkono wako mwenyewe na macho yako yale.

Hakuna mtoto.

Nimeandika maneno hayo mawili nikayaacha, nikaenda kuwapa kuku chakula, nikarudi. Bado yapo. Binti yangu Hyo-jeong hakuzaa. Siku ile ulipopiga simu ukanikuta ukumbini, na wale kina mama wakakupigia kelele kwenye kioo kwamba sasa umekuwa bibi mdogo, mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikitabasamu. Ulinitazama ukasema, "Dada, mbona hukuniambia?" Nikakujibu kwamba nilitaka iwe zawadi. Nilikudanganya wewe, damu yangu, niliyekubeba mgongoni mpaka nikaacha shule. Aibu niliyonayo sijui niiweke wapi.

Ngoja nikueleze ilivyoanza, maana haikuanza siku hiyo.

Unajua wana mbwa, Hyo-jeong na mumewe Gi-tae. Ni kijibwa kidogo cha manyoya ya kujikunja, rangi yake kama ukoko wa wali, ndiyo maana wakakiita Nurungji, yaani ukoko. Walimchukua kwenye makazi ya mbwa waliotupwa. Kwao yule si mbwa, ni mtu wa nyumbani. Ana kitanda, ana mto, ana koti la mvua. Siku yake ya kuzaliwa wanamwashia mshumaa, na hata siku hiyo hawaijui, waliichagua tu. Hyo-jeong akizungumza naye anajiita mama. "Njoo kwa mama. Nenda kwa baba." Na mwaka mpya uliopita, walipokuja, akamsukuma kwangu akisema, "Nenda kwa bibi."

Nikasema, "Bibi wa nani? Mimi sijazaa mbwa."

Gi-tae alicheka, akidhani natania. Hyo-jeong hakucheka. Alimwinua Nurungji, akamfuta miguu, akaenda kukaa naye upande wa pili.

Baba Hyo-jeong alikuwa mkali kuliko mimi. Alisema mbwa mahali pake ni uani, babu yake alisema hivyo na baba yake alisema hivyo. Lakini kulipopambazuka nilimkuta Nurungji amelala juu ya nyayo zake, na mzee hathubutu kujigeuza. Nikamuuliza, "Vipi tena?" Akanijibu kwa kunong'ona, "Nyamaza, ndio kwanza amepata usingizi." Mbwa yule ana tabia hiyo. Anatafuta katika nyumba ni nani aliye baridi, anakwenda kumlalia. Wala hali mpaka aone Hyo-jeong ameshika kijiko. Na Gi-tae akiwa bado yuko chini ya ghorofa, yeye ameshakaa mlangoni anamsubiri. Haya yote nilikuwa nayaona, lakini nilikuwa siyataki.

Kwa sababu ya ukumbini, Malsun. Wewe umeondoka zamani, hujui kijiji kimekuwaje. Shule imefungwa, uwanja wake watu wanaanikia pilipili. Mtoto wa mwisho kuzaliwa hapa sasa yuko jeshini. Sisi wanawake tunakutana ukumbini kucheza karata na kupika mchana, na runinga haizimwi. Siku moja wakaonyesha watu wa Seoul wakisukuma mbwa kwenye vigari vya watoto. Bibi Okcheon unamkumbuka, yule aliyeolewa hapa kutoka Okcheon, mwenye mdomo. Akasema, "Tazameni vichaa hawa. Matumbo yamekauka, sasa wanajifungua makucha."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilimcheka mwanangu mwenyewe pamoja nao, kwa sababu nilijua kigari kama kile kipo nyumbani kwake.

Basi mwezi wa saba Hyo-jeong alinitumia picha. Gi-tae yuko kando ya mto, anasukuma kigari, kifuniko kimeshushwa kwa jua, ndani hakuonekani kitu. Nilikuwa ukumbini. Bibi Okcheon alikuwa begani kwangu, na macho yake kwa mbali yanaona vizuri kuliko ya tai. Akaninyang'anya simu.

"Kigari cha mtoto hiki! Mama Hyo-jeong, umetuficha? Umetufanya watu wa nje?"

Wakanizunguka. Mmoja akanishika mkono, mwingine anafuta machozi, Malsun, nakwambia kweli, machozi. Hyo-jeong hawajamwona tangu mwaka mpya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema tumbo lilikuwa wapi. Mdomo wangu ulikuwa wazi nitaje mbwa. Nikaona runinga ile kule kwenye kona. Nikasema, "Wa kike. Alizaliwa mwezi uliopita."

Sikujua kama nina mdomo wa namna hiyo.

Baada ya hapo uongo ukaanza kula na kunywa. Wakaniuliza anafanana na nani, nikasema na baba yake. Wakaniuliza analala, nikasema anasumbua kidogo. Na vibaya zaidi ni kwamba nilianza kufurahi. Nikirudi nyumbani njiani nilikuwa nawaza huyo mtoto asiyekuwepo, kama amenyonya, kama ana joto. Mume wangu alipata pongezi zake kwenye trekta la jirani, akaja akasimama jikoni. Hakunigombeza. Alisema, "Hili ulilivaa mwenyewe, utalivua mwenyewe," akarudi shambani.

Chuseok ikakaribia. Nikampigia Hyo-jeong nikamwomba safari hii wamwache mbwa kwa rafiki. Akasema akibaki Nurungji na wao wanabaki. Nikaogopa kukaa sikukuu bila mtoto wangu, nikasema basi, njooni naye, lakini njooni jioni, giza likiingia, barabara huwa haina msongamano. Hayo nilimwambia mwanangu. Nilitaka aingie kwao kama mwizi.

Sasa sikia walichofanya wale kina mama. Bibi Okcheon alimtuma mwanawe pwani akalete mwani wa mzazi, wa supu anayopewa aliyejifungua, ule mrefu usiokunjwa, na akamkataza asiombe kupunguziwa bei, maana mwani wa mzazi haupiganiwi bei. Halafu wao wenyewe wakakaa ukumbini wakasokota kamba ya majani ya mpunga, kwa mkono wa kushoto kama ilivyo desturi, wakachomeka vipande vya makaa na vitawi vya msonobari, kwa sababu nimesema ni wa kike. Mimi nikiwa jikoni nakanda unga wa mikate ya sikukuu, nikasikia vicheko nje. Nikatoka. Kamba imeshafungwa langoni, kutoka nguzo hii mpaka hii.

Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba kamba hufungwa nyumba aliyozaliwa mtoto, tena siku zile za mwanzo tu. Bibi Okcheon akajifuta mikono.

"Kijiji hiki hakijafunga kamba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nani atakuja kutupiga faini? Wewe kanda unga wako."

Nilipaswa kuikata pale pale. Kisu kilikuwa pale jikoni, Malsun. Nilirudi ndani nikajiambia nitaitoa kabla giza halijaingia.

Walifika mchana. Barabara ilikuwa nyeupe, Gi-tae akakimbiza.

Hyo-jeong alishuka, akafungua kigari, akamweka Nurungji ndani na kumfunga kile kitambaa chake cha kifuani. Akainua macho akaiona kamba. Malsun, mtu wa kwetu akiona makaa na msonobari langoni haulizi maana yake. Alisimama. Akaja mpaka karibu, akagusa kitawi kimoja kwa kidole.

"Mama," akasema, "nani amejifungua hapa?"

Sikupata muda wa kujibu. Kina mama walikuwa wameshatoka ukumbini na mavazi safi, Bibi Okcheon mbele na mwani wake mikononi kama amebeba mtoto. Wakampita Hyo-jeong wakimpigapiga mgongo, "Hongera, umechoka, umechoka mwanetu," wakainamia kigari. Bibi Okcheon akafungua kifuniko.

Nurungji akatoa kichwa. Akamtazama, akamlamba vidole, taratibu, kimoja kimoja, kama anavyomfanyia kila mtu anayemwona anatetemeka.

 Kisha mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Bibi Okcheon hakucheka. Alinigeukia mimi. "Mama Hyo-jeong, mjukuu wako ana mkia."

Mwanangu ana akili. Aliitazama kamba, akawatazama wao, akanitazama mimi, na nikaona usoni kwake jambo likipangika moja baada ya jingine. Halafu akafanya kitu ambacho bado kinaniunguza. Aliinama mbele ya wale kina mama, akapokea ule mwani kwa mikono miwili, akashukuru kwa kila mmoja, akawatakia sikukuu njema. Hakuniumbua. Akainama chini ya kamba, akaingia.

Jikoni aliweka mwani mezani, ukiwa umenyooka vile vile. Nilianza kujitetea. Nikasema ni wao walioona picha, nikasema nilitaka kuwaambia. Aliniacha nikamaliza.

"Mama, kwa hiyo ulimtunga."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Ulimtaka kiasi cha kumtunga, lakini hukuweza kunipigia uniulize hali yangu." Alikuwa hapigi kelele. Ingekuwa afadhali apige. "Mwezi wa nne alikuwepo wa kweli. Na kabla yake wengine wawili. Wote wametoka. Huyu wa mwezi wa nne alikaa zaidi."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi mama yake. Akasema, "Kila nikishika simu nasikia sauti yako, mimi sijazaa mbwa. Nikawa naona, huyu hata aliye hai hamtaki."

Akanieleza kwamba siku ile Gi-tae alikuwa safarini kikazi. Aliangukia bafuni. Nurungji miguu yake ya nyuma ina kasoro, ndiyo maana wanamsukuma, hawezi kutembea mbali, na mimi miaka yote hii sikuwahi kuuliza kwa nini mbwa anasukumwa, nilijua tu kuona haya. Siku ile alijiburura mpaka bafuni, akamlalia Hyo-jeong kwenye nyayo, akakaa hapo mpaka watu wa ambulensi walipofika, na wao aliwabwekea kwanza kisha akawapisha. Na Hyo-jeong aliporudi kutoka hospitalini, mbwa alikaa bila kula mpaka mwenyewe aliposhika kijiko.

"Wewe hukuwepo kwa sababu sikukuita," akasema Hyo-jeong. "Lakini yeye hakuitwa."

Hawakulala. Hawakungoja asubuhi tuwaandalie mababu meza ya sikukuu. Gi-tae aliniinamia kwa adabu, macho yamemjaa, na gari likaondoka. Baba Hyo-jeong akachukua mundu, akaikata kamba pande zote mbili, akaikunja akaipeleka nyuma ya ghala. Hajaniuliza kitu mpaka leo. Usiku huo aliweka nyayo zake chini ya blanketi akasema sakafu ina baridi, na feni bado ilikuwa inazunguka.

Tangu siku hiyo Hyo-jeong hapokei simu zangu. Gi-tae ananitumia picha ya Nurungji, bila maneno. Ameketi, amelala, amesimama mlangoni. Nazitazama zote. Sijui kama ni Gi-tae anayenihurumia au ni Hyo-jeong anayemwachia atume.

Ukumbini nikaacha kwenda. Nilikuwa napita njia ya juu, kule makaburini, ili nisipite mbele ya mlango wao. Wiki hii Bibi Okcheon amenifuata shambani. Alisimama mwisho wa tuta, mikono nyuma.

"Utajificha mpaka lini? Karata zinatushinda, hatuna wa nne."

Nikamwambia, bila kuinua kichwa, "Nimewadanganya."

"Umetudanganya, ndiyo. Hilo tumeshakusengenya tukamaliza." Akachuchumaa, akaanza kunipandia mstari wa pili bila kuombwa. Baadaye akasema, "Nilipokuwa nasokota ile kamba, vidole vilikumbuka vyenyewe. Nilifurahi kupita kiasi. Na mdomo wangu ndio uliokutia woga, ile siku ya runinga. Usidhani sijui."

 Alipanda mpaka mwisho wa tuta, akaondoka akilalamika kwamba mbegu zangu ni ndogo.

Kwa hiyo Malsun, nimeamua kwenda Seoul. Sijawahi kulala kwa Hyo-jeong hata mara moja, nilikuwa nasema siwezi kulala nyumba moja na manyoya. Sitampigia kumwarifu, maana akisema nisije sitakuwa na miguu ya kwenda. Naomba jambo moja tu. Najua anakupigia wewe, anakupenda mama yake mdogo. Usinitetee. Nimezoea kukutuma wewe kila tunapokosana naye, safari hii usiseme lolote kwa niaba yangu. Barua hii naiacha wazi, nitaimaliza nikirudi.

20 Oktoba

Nimerudi jana, naendelea.

Nilibeba vitunguu saumu, kimchi yangu ya kabichi na pilipili, na lile boksi lako la nguo. Basi lilikuwa limejaa, kijana mmoja kando yangu akafungua dirisha kwa ajili ya harufu, sikumlaumu. Nilifika mlangoni kwao, nikabonyeza kengele, nikasikia Nurungji anabweka kwa hasira kama anavyobwekea wageni. Halafu akanyamaza. Nadhani alinusa chini ya mlango.

Hyo-jeong alifungua. Alikuwa amekonda. Hakusema karibu wala hakusema ondoka. Nurungji alipita kati ya miguu yake akijikokota, akaja mpaka kwenye viatu vyangu, mkia unampiga mbavu, na kwa furaha akajikojolea pale pale, nusu sakafuni, nusu kwenye soksi yangu.

Mbwa nimemkana mbele ya watu, naye ananifanyia sherehe. Nilipiga magoti nikaomba kitambaa. Hyo-jeong akasema, "Acha Mama, nitafuta." Nikasema, "Lete." Nikapangusa sakafu, nikampangusa na yeye miguu, nyuma na mbele. Mguu wa nyuma wa kulia una mfupa uliounga vibaya, unausikia kwa vidole. Nilikuwa sijawahi kumgusa.

Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea. Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha vizuri, kwa mpangilio. Nilichosema ni, "Kimchi isikae nje, itachacha." Akaipokea akaiweka kwenye friji. Baadaye tukiwa tunakula, nikasema nikitazama bakuli, "Nilimwonea haya mwanao. Na wewe nikakuonea haya. Nisamehe." Gi-tae akaacha kutafuna. Hyo-jeong akasema, "Kula, Mama." Hakusema amesamehe, na wewe usimwulize.

Boksi lako nililiweka mbele yake nikamwambia ukweli, kwamba Mama mdogo alizishona kwa sababu nilimdanganya. Alizitazama zote. Akakichukua kile kisweta cheupe, zilizobaki akazirudisha na kufunga. Nikamuuliza atakifanyia nini. Akasema, "Kukaa nacho tu." Zile nyingine anasema umpe mtu wa huko anayejifungua, nitakurudishia kwa posta. Usikasirike.

Asubuhi tulitoka kumtembeza Nurungji. Hyo-jeong aliniachia mimi kigari nisukume, sijui kama alikuwa ananipima. Kwenye lifti akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa kofia ya mazoezi. Kifuniko kilikuwa chini kwa sababu ya upepo. Akatabasamu, akauliza, "Mtoto ana miezi mingapi?"

 Nilikuwa nimejiandaa, nimejiapiza nafsini mwangu kwamba sitadanganya tena hata kwa mtu nisiyemjua. Nikakifungua kifuniko chote. Nikasema kwa sauti, "Si mtoto. Ni mbwa wa binti yangu, anaitwa Nurungji, miguu ya nyuma haimbebi vizuri. Mimi sina mjukuu."

Yule mama akasema ana macho mazuri, na lifti ilipofika chini akatoka akaenda zake. Mimi nikatoka na kigari nikasimama pale nje, kifua mbele, nangoja mwanangu aone nilivyobadilika. Hyo-jeong hakutoka kwenye lifti. Mlango ukataka kufunga, akauzuia kwa mkono.

"Usiseme huna, Mama," akasema. "Sema ulikuwa naye."

Malsun, hata ukweli nilikuwa sijui kuusema.

Tulikaa kwenye benchi chini ya jengo. Nurungji alitaka kushuka, tukamshusha, akaja kulala juu ya nyayo zangu. Zangu, si za Hyo-jeong. Tulimtazama wote wawili, maana tunajua humlalia aliye baridi. Nilimwuliza Hyo-jeong swali ambalo nilipaswa kuuliza mwezi wa nne. Nilimwuliza kama walikuwa wamempa jina, lile jina la tumboni wanalowapa watoto siku hizi kabla hawajazaliwa.

Akasema walikuwa wanamwita Kong. Yaani punje ya soya, kwa sababu mara ya kwanza daktari alipowaonyesha kwenye kioo alikuwa kiasi hicho. Akasema Gi-tae alikuwa anamwimbia Nurungji na Kong kwa pamoja, akiinama kwenye tumbo lake, na mbwa alikuwa anaweka sikio. Akaniambia mambo mengi. Kuna mengine sitayaandika, ni yake. Alilia na mimi nikalia, na watu walipita na mbwa zao wakatuacha.

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Hakunikumbatia. Lakini aliniuliza kama mwaka mpya chumba cha nyuma kitakuwa na moto, kwa sababu Nurungji anasikia baridi. Nikasema kitakuwa na moto. Baba yake nilipomwambia, amekwenda leo kuziba ufa wa dirisha la chumba hicho, na mwaka mpya bado uko mbali.

Kesho nakwenda ukumbini. Nitawaambia wote, nimesimama, kwamba Hyo-jeong ana Nurungji na alikuwa na Kong. Hyo-jeong amenipa ruhusa. Uso wangu unawaka tangu sasa, lakini nitakwenda.

Wasalimie shemeji Pil-gyu, Marcelo na dada yake Yeon-hui, na yule mpangaji wenu anayeniimbia kwenye simu. Mwambie Yeon-hui asinywe vitu baridi na kile kifua chake. Baba Hyo-jeong anawasalimu wote, anasema vitunguu saumu atawatumia vikikauka. Mungu unayemwomba akulinde, akupe macho ya kushonea miaka mingi bado, na goti lako alipe nafuu.

Najua Jumapili huko kanisani kwenu unataja majina ya familia yetu moja moja, mpaka ya waliotangulia. Na mimi kwa ujinga wangu nilikupa mtoto asiyekuwepo umwombee. Ukifika kwenye majina yetu Jumapili ijayo, mtaje Kong, mtoto wa Hyo-jeong na Gi-tae. Huyu alikuwepo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ninayekuonea haya bado,

Bun-nye